Sura ya Sita: Kuihuisha Kompyuta Kongwe

Kompyuta nyingi za mezani zilizomo katika ofisi ndogo, shule, maduka ya kuchapa na nyumba za watu wa kadiri katika miji ya Afrika ya Mashariki hazikununuliwa mpya, bali zilianza maisha yake katika mabenki, makampuni ya bima na idara za serikali za Ulaya na Marekani, ambako ni ada kuzibadili kila baada ya miaka michache, si kwa kuwa zimeharibika, lakini kwa kuwa muda wa dhamana umekwisha na mhasibu ameona kwamba thamani yake katika daftari imekuwa sifuri. Kutoka huko hukusanywa, hupanguswa na kupakiwa katika makontena, aghalabu kwa njia ya Dubai, hata zikafika Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, na hapo mtu mwenye fedha chache hupata kwa bei ya insafu chombo ambacho mwenyewe wa kwanza alikilipia mara nyingi zaidi.

Maneno ya jumla hayamfai mtu aliyekwisha kushika bisibisi, kwa hiyo katika sura hii nitaandamana na mashine moja iliyojaa tele katika maduka hayo, nayo ni Dell OptiPlex 7010, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu, mara nyingi i5-3470, RAM ya gigabaiti 4, na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 250 au 500. Mwenye HP Compaq Elite 8300 au Lenovo ThinkCentre M92p asidhani ameachwa nje, maana mashine hizo ni za rika moja, zimejengwa juu ya chipu zile zile za Intel, na karibu yote nitakayoyasema juu ya hiyo moja yanazihusu nyingine.

Mwenye mashine ya namna hii hulalamika, baada ya miaka kadhaa, kwamba imezeeka na akili zake zimekuwa nzito. Lalamiko lake ni la haki, lakini hukumu yake ina kasoro. Prosesa haichakai kwa kufikiri. Ile i5-3470 yenye viini vinne, kila kimoja kikipiga mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde, inafanya hesabu leo kwa kasi ile ile iliyoifanyia siku ilipotolewa katika boksi, ilimradi haikuachwa ikapikika kwa joto. Kilichobadilika ni mzigo: kurasa za intaneti zimenenepa, brauza imekuwa programu yenye uchu wa kumbukumbu kuliko zote, na pembeni yake zimejipanga programu nyingine ambazo huamka zenyewe kila mashine inapowashwa, bila ya kuomba idhini ya mtu. Ukiichungulia mashine katika saa ile ile inapokuudhi, utakuta kwamba prosesa haina kazi kubwa; imekaa mfano wa meli iliyotia nanga nje ya bandari isiyo na gati, shehena tele tumboni, ikilingojea tishari moja bovu liende pwani na kurudi. Kuleta meli kubwa zaidi hakutaharakisha upakuaji. Basi shauri la mwenye fedha chache ni kwanza kujua mashine yake inangoja nini, akatoe fedha hapo, na mahali pengine azuie mkono wake.

Kujua huko hakuhitaji fundi. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha la kusimamia kazi litafunguka. Kisha fanya yale unayoyafanya kila siku, ukifungua barua pepe, waraka, na kurasa za intaneti kwa idadi uliyozoea, huku jicho lako likitazama mistari mitatu, wa prosesa, wa kumbukumbu na wa diski. Mstari wa diski ukipanda hadi asilimia 100 ukakaa hapo dakika nzima, na ule wa prosesa ukibaki asilimia 10 au 15, ugonjwa umekwisha kujulikana. Kumbukumbu ikizidi asilimia 85 kabla hujafungua nusu ya vitu unavyovihitaji, hilo ni gonjwa la pili, nalo hulizidisha lile la kwanza, kwa sababu kompyuta inayopungukiwa na RAM hukopa nafasi katika diski, na diski ya kuzunguka ni mkopeshaji mwenye riba nzito. Ama mstari wa prosesa ukiwa ndio ulioganda juu peke yake, huenda kazi yako ni ya kuhariri picha za video au mfano wake, nawe utakuwa miongoni mwa wachache wenye haki ya kufikiria prosesa nyingine.

Kabla ya dukani kuna usafi, ambao hauna gharama ila ya jasho, na ambao watu wengi huuruka kwa kuudharau. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili masazo ya umeme yaliyomo ndani yatoke, na uguse chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, kwani cheche usiyoihisi kidoleni yaweza kuiua chipu. Ubavu wa 7010 hufunguka kwa kuvuta komeo. Utakachokiona ndani, kama mashine imekaa miaka mingi karibu na dirisha la barabarani au katika chumba kinachopitiwa na moshi wa jikoni, ni vumbi lililolowa mafuta likawa utando kati ya mapezi ya kipoozeo cha prosesa, na feni inayopuliza upepo usiopita popote. Prosesa ikipata joto mno hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo lile neno la kuzeeka hupata ukweli kidogo. Mafundi hupuliza vumbi kwa blowa. Ni sawa, lakini izuie feni kwa kidole au kijiti isizunguke, maana feni inayozungushwa kwa nguvu za upepo hujichosha bure mhimili wake. Ukikiondoa kipoozeo, ni sharti ufute grisi ya zamani, ambayo kwa umri huo imekuwa chokaa, utie mpya kiasi cha punje ya kunde katikati ya prosesa, na uzito wa kipoozeo utaitandaza.

Watu wa pwani wana jambo la ziada. Upepo wa bahari una unyevu na chumvi, nao hujenga kutu nyembamba katika viungo vyote vya metali, na mashine iliyofanya kazi salama jana huamka leo ikapiga mlio na kukataa kuonyesha chochote katika skrini. Mara nyingi dawa ni kuchomoa vipande vya RAM, kusugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya kufutia penseli, polepole na kwa upande mmoja, kupangusa masazo ya raba kwa kitambaa kikavu, na kurudisha kila kipande mpaka vishikizo viwili vilie. Nimewaona mafundi wa vichochoroni wakitoza ada nzuri kwa kazi hiyo, na siwalaumu, kwa kuwa maarifa yana bei yake. Lakini raba inauzwa katika kila duka la daftari.

Kuna pia ile betri ya duara iliyolala juu ya ubao mkuu, CR2032, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuilinda saa ya mashine na mipangilio yake umeme unapokuwa haupo. Ikifa, mashine husahau tarehe kila inapochomolewa, ikadhani imo katika mwaka uliopita zamani. Na tovuti zote zenye ulinzi, kuanzia benki hadi barua pepe, hukataa kufunguka, kwa sababu hati zake za utambulisho zina tarehe za kuanza na kukoma, na kwa saa ya mashine yako hati hizo bado hazijazaliwa. Mtu asiyelijua hili hushitaki intaneti, hushitaki virusi, na pengine hununua kompyuta nyingine, ilhali maradhi yalikuwa ya betri inayouzwa pamoja na betri za saa.

Sasa twende kwenye fedha, na fedha ya kwanza iende kwenye SSD. Sisemi hivi kwa kufuata mtindo. Diski ya kuzunguka katika 7010 huenda mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 8, na kila programu inapotaka kipande cha habari kilichokaa mahali pasipojulikana kabla, mkono wa diski lazima usogee hadi kwenye njia yake, kisha ungoje sahani iizungushe habari hiyo mpaka ifike chini ya kichwa. Jumla ya safari na kungoja ni kama milisekunde 12 au 13, maana yake diski hiyo haiwezi kujibu maombi ya namna hiyo zaidi ya takriban 80 kwa sekunde moja, na Windows inapoamka ina maelfu ya maombi. SSD haina sahani wala mkono. Hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, na maombi inayoyamudu kwa sekunde ni makumi ya maelfu. Kanuni ile ya sahani na mkono ilianza na mashine ya IBM ya mwaka 1956, RAMAC, iliyokuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, yenye uzito unaozidi tani, na iliyobeba herufi milioni tano tu. Tangu siku hizo habari zinazokaa katika sahani moja zimeongezeka kwa kiasi kisichosadikika, lakini kungoja mzunguko kumepungua kidogo sana, kwa sababu chuma hakiwezi kuzungushwa upesi kama umeme unavyoweza kupita.

Kwa mashine yetu inunuliwe SSD ya SATA ya inchi 2.5, na gigabaiti 240 zinamtosha mtu wa nyaraka na hesabu. Muuzaji anaweza kukupigia debe zile nyembamba za NVMe, akidai ni za kisasa na zina kasi zaidi, na dai lake ni kweli kwa mashine nyingine; lakini 7010 haiwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe bila ya kuichokoa programu yake ya ndani, na uchokozi huo si wa kuanzia. Katika ubao wake mkuu, matundu mawili ya SATA hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde na mengine hupitisha 3, kwa hiyo waya wa SSD uchomekwe katika lile lililoandikwa SATA 0. Kama mabano ya kuishikilia hayapo, usihangaike: kitu hicho ni chepesi, hakitikisiki, na mkanda wa gundi unatosha.

Wapo wanaoihofia SSD kwa kuwa wamesikia kwamba uhai wake una hesabu. Hesabu ipo, na inafaa kuipiga. Kingston A400 ya gigabaiti 240, ambayo ni ya daraja la chini na imeenea sana, imepewa na watengenezaji wake kipimo cha terabaiti 80 za kuandikwa. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, kiasi ambacho karani wa kawaida hakifikii, atahitaji siku 4,000 kuzimaliza, nazo ni karibu miaka kumi na moja. Kasha litakuwa limeoza kwa chumvi kabla ya hapo. La kuhofiwa zaidi ni ughushi, kwa kuwa sokoni zimo SSD na flashi ambazo lebo yake husema terabaiti 2 na ndani yake mna kadi ndogo iliyofundishwa kusema uongo, ikipokea faili zako zote kwa adabu na kuzitupa zile zinazozidi uwezo wake. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski nzima kisha huisoma tena, na uongo hudhihirika. Sharti lako kwa muuzaji liwe kwamba utaipima kwanza na kuirudisha ikishindwa. Asiyekubali sharti hilo amekwisha kukujibu.

Kuhamisha vitu kutoka diski ya zamani kuna njia mbili, na mimi napendelea ile ndefu: nakili faili zako mahali pengine, zifungue chache huko ulikozinakili uone kwamba zinasomeka, kisha weka mfumo mpya safi katika SSD. Njia ya kunakili diski nzima kama ilivyo, kwa programu kama Clonezilla, huokoa nusu siku, lakini huhamisha pia uchafu wote uliolimbikizwa.

Juu ya RAM sitakawia. 7010 hutumia DDR3, ina matundu manne katika makasha yake yote isipokuwa lile dogo kabisa, na hupokea hadi gigabaiti 32. Gigabaiti 8 ni kadiri ya chini ya kuishi kwa amani siku hizi, na vipande viwili vya 4 vilivyowekwa katika matundu ya jozi hupitisha habari upesi kuliko kimoja cha 8. DDR4 haiingii, kwa kuwa pengo katika meno yake liko mahali pengine. Hadhari ni mbili: vipande vya DDR3 vilivyotolewa katika seva, ambavyo huingia katika tundu bila ya shida lakini mashine haiwaki, na vipande vya bei ya kutupa vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD, ambavyo katika ubao wa Intel ni pambo tu. Bei ikikushangaza kwa udogo wake, soma lebo mara ya pili.

Prosesa yaweza kubadilishwa. i7-3770 huingia katika tundu lile lile, hula wati 77 zile zile, na faida yake ni kupanda kutoka bilioni 3.2 hadi 3.4 na kumudu kazi nane kwa wakati mmoja badala ya nne. Mwandishi wa barua hataona tofauti, na mimi nisingemshauri. Kadi ya picha ni ya wenye michezo na video, na mipaka yake iko katika umeme: tundu hutoa wati 75 tu, pawasaplai ya kasha dogo la 7010 ni ya wati 240 kwa jumla, na kadi ndefu haiingii humo. Tena, madhali tumeutaja umeme, baadhi ya mashine kongwe za asili ya Marekani zina swichi nyekundu nyuma yenye tarakimu 115 na 230, na anayeisahau ikiwa katika 115 akachomeka katika ukuta wa Tanga atasikia mlipuko kabla hajaona moshi.

Baada ya chuma kuna mfumo endeshi, na hapa nina maneno mengi zaidi, kwa sababu hapa watu hutupa mashine nzima zisizo na ila. Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikaweka muhula wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha, na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea. 7010 ina TPM 1.2 na prosesa ya kizazi cha tatu. Imekosa masharti yote mawili. Zipo hila za kulikwepa zuio hilo, na Windows 11 ikawaka na kwenda, lakini watengenezaji wake hawaahidi kwamba masahihisho yataendelea kufika, na mtu anayefanya miamala ya fedha zake katika kompyuta asijenge juu ya ahadi isiyotolewa. Mbaya kuliko hila hizo ni nakala za wizi zinazouzwa katika flashi pamoja na programu ya kuvunja kufuli, ambayo kazi yake ya kwanza ni kuamuru kinga ya virusi izimwe. Mgeni anayekuomba umfukuze mlinzi kabla hajaingia, huna heri naye.

Njia ya halali isiyo na malipo ni Linux, na kwa aliyezoea Windows ningemtajia Linux Mint, ambayo toleo lake la 22 lina ahadi ya matunzo hadi 2029, huridhika na RAM ya gigabaiti 4, na ina kitufe cha menyu katika pembe ile ile ambayo mkono umezoea kukitafuta. Barua, brauza, LibreOffice na printa nyingi hufanya kazi bila ya fundi. Isipokuwa kuna kasoro ambayo haifai kufichwa: mwenye duka ambaye programu yake ya hesabu au ya mashine ya risiti imeandikwa kwa Windows peke yake, huyo Linux haimfai, na kwake mashine ya kizazi cha nane, nayo pia ya mtumba, ni ununuzi wa busara kuliko kuitia hii viraka. Vivyo hivyo kwa anayemiliki mashine ya Core 2 Duo yenye RAM ya DDR2, au ambaye amefungua kasha akakuta vile vimkebe vidogo vya umeme juu ya ubao mkuu vimevimba vichwa na kutoa ute. Na hata kwa mwenye 7010 nzima, weka mpaka mapema: SSD, RAM na betri zisivuke nusu ya bei ya mashine ya kizazi cha nane katika duka hilo hilo, siku hiyo hiyo.

Ikibaki diski ya zamani mezani, iulize hali yake kwa programu ya CrystalDiskInfo, ukitazama mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu za sahani zilizokufa na zile zinazokata roho. Ikiwa mistari yote miwili inasoma sifuri, itie katika kijumba cha USB na uitumie kwa nakala za akiba, ukiichomeka siku ya kunakili na kuichomoa mara moja baadaye, ili virusi vitakavyoingia katika kompyuta visiikute hapo. Ikiwa namba zinapanda wiki kwa wiki, haifai kwa akiba wala kwa kuuzwa, kwa kuwa kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuondoi yaliyoandikwa. Itobolewe kwa keekee katika matundu mawili matatu kupita sahani zote, kisha apewe mnunuzi wa vyuma chakavu.